Bibi anaweza kushuhudia juu ya bwana wake? Historia ndefu ya kanuni moja ya tribinali

Na mwandishi wetu wa Kivu ya Kusini

Katika kartie zetu, kesi ya bwana aliyempiga bibi yake haifiki mbali. Usiku kelele zinasikika na majirani wanatoka. Asubuhi mama anakwenda kwa shefu wa kartie au kwa polisi, uso umevimba. Siku ya tatu wajomba na mashemeji wanakaa, soda na bia zinafunguliwa, bwana anatoa mbuzi au pesa kidogo, na mashitaka yanaondolewa. Kama kesi ilishafika kwenye parke, mama akipata konvokasio anaenda kusema maneno mawili: "Nilianguka tu." Kesi inakufa hapo.

Wengi wetu tunafikiri hiyo ni desturi yetu tu, kwamba mambo ya chumbani yanabaki chumbani. Lakini inchi zilizotuletea tribinali, majoho meusi na vitabu vya sheria zilikuwa na neno hilohilo, tena zililiandika kabisa. Kwa muda mrefu sana sheria ya Uingereza ilisema kwamba bibi hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema juu ya bwana wake. Ufaransa na Ubelgiji nazo zilikuwa na kanuni inayofanana. Ilichukua zaidi ya miaka 350 kuigeuza, na hata leo mabishano hayajaisha.

Inafaa tuijue historia hii kwa sababu tatu. Sheria yetu ya Kongo imezaliwa na ile ya Ubelgiji na Ufaransa. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya, ambako ndugu zetu wengi wamekimbilia, wanafuata njia ya Waingereza. Na Wakongomani wengi waliotoka kambini wamepelekwa kuishi Marekani, ambako simu moja ya usiku kwa polisi inaweza kugeuza maisha ya jamaa nzima.

Kabla ya kuanza, tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna kukatazwa kushuhudia: hata bibi akitaka kusema, tribinali haimsikilizi. Kuna kuruhusiwa: akitaka atasema, asipotaka atanyamaza. Na kuna kulazimishwa: akiitwa lazima aseme, akikataa yeye mwenyewe anaweza kuadhibiwa. Historia yote inayofuata ni safari kati ya vituo hivyo vitatu.

Mwili mmoja, sauti moja

Mwaka 1628, mwanasheria mkubwa wa Uingereza, Edward Coke, alichapisha kitabu kilichosomwa na mawakili wa pale kwa vizazi vingi. Ndani yake aliandika kwamba bibi hawezi kuletwa kuwa shahidi wa kumtetea bwana wake wala wa kumshitaki. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza aliichukua katika mafundisho ya dini: bwana na bibi ni mwili mmoja. Ya pili ilikuwa ya nyumbani: ukimruhusu mmoja amseme mwenzake mbele ya watu, utaleta ugomvi usiokwisha kati yao.

Sababu hizo tunazijua vizuri, maana ndizo tunazozisikia kwenye vikao vya jamaa mpaka leo. Lakini katika sheria ya wakati ule maneno "mwili mmoja" yalikuwa na uzito mwingine. Bibi akiolewa, mali yake ilikuwa chini ya bwana, mikataba yake ilikuwa ya bwana, na hakuweza kushitaki mtu peke yake. Mwili ulikuwa mmoja, lakini mwenye kuuongoza alikuwa bwana. Zaidi ya hayo, mshitakiwa mwenyewe hakuruhusiwa wakati ule kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake. Basi walisema: kama bwana hawezi kuwa shahidi katika kesi yake, na bibi ni sehemu ya bwana, bibi naye hawezi.

Kesi ya mwaka 1631

Miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Coke, kanuni hiyo ilikutana na kesi nzito. Mervyn Touchet, Earl wa Castlehaven, ambaye pia alikuwa na cheo cha Lord Audley, alikuwa mtu wa ukoo mkubwa mwenye nyumba na mashamba. Mke wake, Anne Stanley, naye alitoka katika ukoo wa juu kabisa wa Uingereza. Castlehaven alishitakiwa kwamba alimsaidia mtumishi wake kumbaka mke wake huyo, naye mwenyewe akimshika. Kulikuwa pia na mashitaka mengine kuhusu matendo yake na watumishi wa kiume. Mtu aliyepeleka habari kwa mfalme Charles wa Kwanza alikuwa mtoto wake wa kiume.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa 4, 1631, katika ukumbi wa Westminster, London, mbele ya mabwana wakubwa 27. Castlehaven alijitetea kwa kanuni ileile: huyu ni mke wangu, hawezi kuwa shahidi juu yangu. Majaji waliulizwa neno hilo. Wakajibu kwamba katika kesi za kawaida ni kweli bibi hawezi, lakini hapa yeye ndiye aliyeumizwa. Asiposikilizwa yeye, nani atasema?

Ushahidi wake ulipokelewa. Kwa shitaka la kubaka, mabwana 26 kati ya 27 walisema ana hatia, na tarehe 14 mwezi wa 5 Castlehaven alikatwa kichwa.

Tangu siku hiyo kanuni ilikuwa na mlango mdogo: bibi hawezi kumsema bwana wake, isipokuwa kama bwana ameuumiza mwili wa bibi mwenyewe. Tusidanganyike lakini. Mlango ulifunguliwa kwa mke wa ukoo mkubwa, katika kesi iliyotikisa ufalme mzima. Kwa mke wa mkulima au wa fundi, mlango ulikuwepo kwenye vitabu, lakini wa kumfikisha pale hakuwepo. Tena sheria yenyewe haikuhesabu kila kipigo kuwa kosa. Jaji Matthew Hale, aliyekufa mwaka 1676, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1736 yakisema bwana hawezi kuhukumiwa kwa kumbaka mke wake mwenyewe, kwa sababu mke alishajitoa kwake siku ya ndoa. Fundisho hilo halikuondolewa Uingereza mpaka mwaka 1991. Basi mke aliruhusiwa kushuhudia juu ya makosa fulani, lakini mengi aliyotendewa hayakuitwa makosa.

Wanaopinga wanaanza kusema

Karne ya 19 kanuni ilianza kuchekwa. Jeremy Bentham, mwandishi aliyependa kuuliza kila sheria inamfaa nani, aliishambulia mwaka 1827 katika kitabu chake kikubwa kuhusu ushahidi. Hoja yake kwa kifupi: sheria hii inampa kila mwanaume ruhusa ya kutenda uovu wowote, mradi anautenda mbele ya mke wake. Watu husema kanuni inalinda amani ya nyumba. Bentham aliuliza, amani ya nani?

Bunge la Uingereza lilikwenda polepole. Mwaka 1853 liliruhusu bwana na bibi kushuhudia katika kesi za madai, yaani za mali na mikataba. Mwaka 1898 liliruhusu mshitakiwa mwenyewe na mke wake kutoa ushahidi upande wa utetezi katika kesi za jinai. Lakini mwaka 1912, katika kesi ya Leach, korti ya juu kabisa ilisema kwamba hata pale sheria inapomruhusu mke kushuhudia juu ya bwana wake, haimlazimishi. Ili kumlazimisha, bunge liseme wazi.

Kufikia hapo kituo cha kwanza, kukatazwa, kilikuwa kimeanza kuachwa nyuma. Swali jipya likawa: mke aliyepigwa, ambaye sasa anaruhusiwa kusema, je, alazimishwe?

Njia ya Wafaransa na Wabelgiji

Upande wa lugha ya Kifaransa, ambao ndio uliotuzaa sisi kisheria, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Napoleon ya mwaka 1808 ilikataza kupokea ushahidi wa jamaa wa karibu wa mshitakiwa: baba na mama, watoto, ndugu, na bwana au bibi, hata kama wameshaachana. Yaani kanuni ya Wafaransa ilikuwa pana kuliko ya Waingereza, maana ilifunika nyumba nzima. Lakini ilikuwa pia laini zaidi. Kama hakuna upande uliopinga, shahidi huyo aliweza kusikilizwa na kesi haikuharibika.

Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa wakati ule, na iliendelea kutumia sheria hiyo hata baada ya kujitegemea mwaka 1830. Baadaye Ufaransa ilipata njia ya katikati: jamaa wa karibu husikilizwa, lakini hawali kiapo. Mantiki yake ni ya kiutu. Sheria inajua kwamba mke au mtoto anavutwa huku na huku, na haitaki kumweka mahali ambapo lazima achague kati ya kumpoteza mtu wake na kusema uongo chini ya kiapo.

Lakini Napoleon alituachia kitu kizito zaidi kuliko kanuni ya mashahidi. Sheria yake ya raia ya mwaka 1804 ilisema bwana anapaswa kumlinda bibi, na bibi anapaswa kumtii bwana. Ikasema pia kwamba bibi hawezi kwenda mbele ya tribinali bila ruhusa ya bwana wake, isipokuwa pale anaposhitakiwa yeye kwa kosa la jinai. Kwa maneno mengine, mdomo wa mke ulifunguliwa bila ruhusa pale tu alipokuwa anaelekea gerezani. Tulishike neno hili, tutakutana nalo tena hapa kwetu.

Amkeyo: mke wa Kiafrika si mke?

Mwaka 1917 kanuni hii ilifika Afrika ya Mashariki kwa namna ya ajabu. Waingereza waliotawala Kenya walikuwa wameleta pale Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo ililinda maneno ambayo bwana na bibi wameambiana katika ndoa: hayafunuliwi kortini, isipokuwa pale mmoja anaposhitakiwa kwa kosa alilomtendea mwenzake.

Mtu mmoja aliyeitwa Amkeyo alihukumiwa kwa kukutwa na mali ya wizi. Shahidi mkubwa alikuwa mwanamke aliyemuoa kwa desturi. Utetezi ulisema huyo ni mke wake, na maneno aliyoambiwa nyumbani yanalindwa na sheria. Jaji mkuu Hamilton alikataa. Kwa maoni yake, kuita "ndoa" muungano wa Waafrika kwa desturi yao lilikuwa kosa la lugha. Aliona mahari kuwa bei ya kununua mwanamke, na akasema uhusiano wa namna hiyo haufanani na ndoa inayofahamika kwa watu aliowaita wastaarabu. Basi mwanamke yule akawa shahidi kama shahidi mwingine yeyote.

Mtu anaweza kusema: vizuri, walau huyu aliruhusiwa kusema. Lakini tazama kwa nini. Mke wa Mzungu alinyamazishwa kwa sababu ndoa yake ilihesabiwa kuwa takatifu. Mke wa Mwafrika alifunguliwa mdomo kwa sababu ndoa yake ilihesabiwa kuwa si kitu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa anataka nini.

Hukumu ya Amkeyo iliendelea kutajwa katika korti za eneo hilo kwa miaka mingi. Kenya ilipopata sheria yake mpya ya ushahidi mwaka 1963, iliandikwa wazi kwamba maneno "mume" na "mke" yanahusu pia ndoa za desturi na za wake wengi. Sheria hiyohiyo ilisema kwamba mtu akishitakiwa kwa tendo lililoudhuru mwili au mali ya mwenzi wake, au ya watoto wa mmoja wao, mwenzi huyo anaruhusiwa kushuhudia na anaweza kulazimishwa. Tanzania ilifuata njia hiyohiyo katika sheria yake ya mwaka 1967. Jamaa zetu walioko Nyarugusu au Nairobi wajue hilo: kule, mke aliyepigwa hawezi kuambiwa na korti kwamba sheria inamkataza kusema.

Harusi kabla ya kesi

Turudi Uingereza, miaka ya 1970. Mwanaume aliyeitwa Hoskyn alishitakiwa kwa kumjeruhi vibaya mwanamke kwa kisu. Siku chache tu kabla ya kesi kuanza, walioana. Mwanamke alipoitwa alisema hataki kushuhudia. Jaji akamlazimisha, akifuata hukumu ya zamani ya kesi ya Lapworth, iliyosema mke aliyepigwa anaweza kulazimishwa. Hoskyn akafungwa.

Kesi ilipanda mpaka kwa majaji wa juu kabisa, na mwaka 1978 majaji wanne kati ya watano waliifuta hukumu. Walisema ndoa ina heshima yake, na kumlazimisha mke amfunge bwana wake ni jambo la kuchukiza. Anaweza kusema akitaka, asipotaka aachwe. Jaji wa tano, Lord Edmund-Davies, alikataa. Kwake yeye, kesi za namna hii ni nzito mno kuachwa zitegemee kama aliyeumizwa yuko tayari kusema au la.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kweli. Wale wanne waliona mwanamke mzima mwenye akili yake, ambaye serikali haina haki ya kumburuta. Yule mmoja aliona jambo ambalo mama zetu wanalijua: kama uamuzi uko mkononi mwa aliyepigwa, basi aliyempiga anajua wa kumtisha ni nani. Cheti cha ndoa cha siku chache kilitosha kubomoa kesi ya kisu.

Miaka sita baadaye bunge lilimpa ushindi yule jaji mmoja. Sheria ya mwaka 1984 ya Uingereza na Wales inasema mke au mume anaruhusiwa kushuhudia upande wa mashitaka, na analazimika kama kosa ni la kumpiga, kumjeruhi au kumtisha yeye mwenyewe au mtoto aliye chini ya miaka 16. Kutoka kukatazwa mwaka 1628 mpaka kulazimishwa mwaka 1984: miaka 356.

Marekani na simu ya 911

Marekani ilirithi kanuni ya Waingereza na kuipindapinda kwa namna yake. Mpaka mwaka 1980, katika korti za shirikisho, bwana aliyeshitakiwa aliweza kumzuia mke wake asiseme, hata kama mke alitaka. Katika kesi ya Trammel ya mwaka huo, Korti Kuu iligeuza: haki ya kunyamaza ni ya shahidi mwenyewe, si ya mshitakiwa. Na majimbo mengi hayakubali kabisa haki hiyo itumike pale mmoja amempiga mwenzake.

Miaka hiyo waendesha mashitaka wengi walichoka na kesi zinazokufa. Wakaanza kuendelea na kesi hata mama akijiondoa, wakitumia picha za majeraha, karatasi za hospitali, majirani, na sauti ya simu iliyopigwa kwa polisi usiku ule. Mwaka 2004, katika kesi ya Crawford, Korti Kuu iliweka mpaka. Mke hakushuhudia kwa sababu ya kanuni ya ndoa ya jimbo la Washington, wakapiga kanda ya maneno aliyowaambia polisi. Korti ilisema hapana: mshitakiwa ana haki ya kumkabili na kumuuliza maswali anayemshitaki, na kanda haiulizwi maswali. Mwaka 2006 korti ileile ikatenganisha mambo mawili. Kilio cha kuomba msaada kwenye simu ya 911 wakati hatari bado ipo kinaweza kusikilizwa kortini hata kama aliyepiga simu haji. Maneno aliyowaeleza polisi baadaye, mambo yakiwa yametulia, kwa kawaida hayasikilizwi asipofika mwenyewe, isipokuwa kama mshitakiwa alishapata nafasi ya kumuuliza maswali.

Ndiyo maana ndugu zetu walioko kule wanashangaa. Mama anapiga simu ili bwana atulizwe tu, kesho yake anasema amesamehe, lakini kesi inaendelea bila yeye. Kwetu kesi ni ya aliyeumia na jamaa yake. Kule, baada ya simu ile, kesi ni ya serikali.

Na kwetu Kongo

Kwetu, kizuizi kikubwa hakikuwa kanuni ya mashahidi peke yake. Kilikuwa nafasi ya mwanamke mbele ya sheria yenyewe. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987 ilimwita bwana mkuu wa nyumba, ikasema anapaswa kumlinda bibi na bibi anapaswa kumtii. Ni sauti ya Napoleon ya 1804, ikisikika Kinshasa miaka 183 baadaye. Kipengele cha 450 kilisema mke hawezi kwenda tribinali katika kesi za madai, kununua, kuuza wala kufanya mkataba bila ruhusa ya bwana. Kweli, kipengele kilichofuata kilitoa msamaha: kumshitaki bwana mwenyewe hakuhitaji ruhusa ya bwana. Lakini ni mama gani kijijini aliyesoma kipengele kilichofuata? Walichosikia wote ni kwamba mwanamke haendi tribinali bila bwana.

Mwaka 2006 ulileta mabadiliko makubwa. Katiba ya mwaka huo iliipa serikali wajibu wa kupigana na mateso ya kingono. Tarehe 20 mwezi wa 7 zilitoka sheria mbili, namba 06/018 na 06/019. Ya pili ilitaka uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu tangu kesi ifike kwa wenye mamlaka ya sheria. Ilitaka pia usalama, heshima na siri ya aliyeumizwa vilindwe katika kesi yote. Ikafunga njia ya kumaliza kesi hizo kwa kulipa amande kwa wakubwa. Kisha tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, sheria namba 16/008 iliibadilisha Sheria ya Jamaa na kuondoa ruhusa ya bwana. Bwana ameendelea kuitwa mkuu wa nyumba, lakini mke hahitaji tena sahihi yake ili afungue mdomo mbele ya jaji.

Kwa kumpiga mke bila mambo ya kingono, kesi inabaki katika vipengele vya kawaida vya kupiga na kujeruhi katika sheria yetu ya makosa ya jinai. Vipengele hivyo havisemi kwamba bwana ana msamaha. Kofi la nyumbani na kofi la sokoni kwenye karatasi ni kosa lilelile. Tofauti tunaileta sisi wenyewe, kwenye kikao cha siku ya tatu.

Historia hii inatufundisha nini?

Kwanza, ukimya wa mke haujawahi kuwa wa kabila moja. Lord wa London na mjomba wa Fizi wametumia neno moja: tulinde amani ya nyumba. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumsikiliza mama aliyepigwa ni tabia ya Wazungu. Wazungu nao walikataa kumsikiliza, na wao pia walijifunza polepole.

Pili, kubadilisha sheria hakutoshi. Uingereza walikuwa na mlango wazi tangu 1631, lakini waliopita walikuwa wachache. Mke ambaye mashamba ni ya ukoo wa bwana, ambaye jamaa yake itadaiwa mahari, na ambaye watoto watabaki upande wa baba, sheria ikimruhusu kusema bado hana pa kulala usiku akishasema. Kabla ya kumuuliza "kwa nini umekanusha?" tumuulize atakula wapi kesho.

Tatu, kumlazimisha si dawa rahisi. Serikali inayomlazimisha mama aseme inapaswa kwanza kuwa na uwezo wa kumlinda akishasema. Pale ambapo aliyefungwa Jumatatu anatoka Alhamisi kwa kulipa kidogo, kumlazimisha mke kushuhudia ni kumtuma peke yake mbele ya simba.

Nne, na hili tunaliweza hata bila sheria mpya: mzigo wote usiwekwe juu ya mdomo mmoja. Muuguzi aliyeshona jeraha aandike karatasi siku ileile, iwe na tarehe na maelezo ya jeraha lenyewe. Jirani aliyesikia kelele akubali kuitwa, maana jirani hana ndoa ya kulinda. Shefu wa kartie aandike katika daftari lake kila mara anayopelekewa shauri la nyumba ileile, hata kama jamaa zimepatana. Polisi waandike maneno ya mama kama alivyoyasema, wasiyafupishe kuwa "ugomvi wa nyumbani". Kesi ikiwa na nguzo nne, mama mmoja akitishwa na kunyamaza haianguki yote, na yule anayetisha anaona kwamba vitisho vyake havitamfaa.

Mwaka 1631 majaji wa Uingereza waliulizwa kama aliyeumizwa asikilizwe hata kama aliyemuumiza ni bwana wake. Wakajibu ndiyo. Jibu hilo lina karibu miaka 400 sasa. Kikao cha siku ya tatu katika kartie zetu bado hakijalitoa.